Maisha ya Siti binti Saad, Mwimbaji wa Unguja

Siku ya wazazi ya muhula uliopita mzee mmoja alinijia nje ya ukumbi wa shule yetu, akanisalimu kwa adabu, akaniomba tusimame kando kidogo. Binti yake yumo kidato cha tatu. Alitaka kujua ni faida gani binti huyo aipatayo katika chama cha muziki. Alinieleza kwamba ameuza mpunga wake miaka mitatu mfululizo ili mtoto asome, wala hakumleta mjini Mpanda aje kuimba. Tena huko kwao mtoto wa kike aimbaye mbele ya watu hutajwa kwa ubaya.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na maneno ndiyo kazi yangu, lakini siku ile maneno yalinipotea. Nilijibu juu juu tu, tukaagana. Tangu siku hiyo binti yule haji mazoezini. Nimekaa nikifikiri, nikaona jibu lililo bora ni kumsimulia mzee huyo, pamoja na ninyi nyote, maisha ya mwanamke mmoja aliyeimba, ili kila mtu apime mwenyewe. Mwanamke huyo ni Siti binti Saad.

Jina lake nililisikia kwanza nyumbani kwa babu yangu, hapa hapa Mpanda. Babu alikuja kufanya kazi katika mgodi wa risasi baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati reli kutoka Kaliua ilipoletwa huku kwa ajili ya mgodi huo. Alikuwa na gramofoni ya kuzungushwa kwa mkono, na santuri chache alizozinunua Tabora kwa mtu aliyekuwa akihama. Moja katika hizo ilikuwa ya Siti binti Saad. Sauti ilitoka ndani ya mkwaruzo kama mtu aitaye kutoka ng'ambo ya mto wakati wa mvua, nasi watoto hatukuifahamu vizuri. Lakini babu alipoiweka alinyamaza mpaka iishe. Siku moja, nilipokuwa na miaka kama minane, niliichukua bila ruhusa nikaiangusha sakafuni. Ilivunjika vipande vitatu. Babu hakunipiga. Aliokota vile vipande, akavifunga katika kitambaa, akaviweka sandukuni, na mimi sikuelewa kwa nini mtu atunze kitu kilichokwisha kuharibika. Sasa naelewa.

Siti binti Saad alizaliwa karibu na mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Baba yake, Saad, asili yake ilikuwa Unyamwezi, upande wa Tabora, na mama yake alikuwa wa kabila la Wazigua. Hapo sisi watu wa Mpanda tuna haki ya kutega sikio, kwa kuwa Tabora ni jirani yetu, na kwa miaka mingi wilaya yetu ilikuwa chini ya Jimbo la Magharibi ambalo makao yake yalikuwa Tabora. Njia ile ile ya misafara iliyokuwa ikipita Unyamwezi kwenda pwani, ndiyo iliyowachukua watu wengi wa bara hata wakajikuta Unguja, wengine kwa hiari na wengine kwa minyororo. Wazee wake Siti walikuwa watu wa ukoo wa utumwa, na mtoto walipompata alipewa jina la Mtumwa. Fikirini, enyi wanafunzi, mtoto kuitwa jina hilo kila asubuhi anapoamshwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka wa 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria mpaka mwaka wa 1897. Jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi wa heshima, alilipata baadaye.

Utoto wake ulikuwa wa dhiki. Hakwenda shule wala chuoni. Alijifunza kazi ya mikono ya mama yake, yaani kufinyanga vyungu na mitungi. Walichimba udongo, wakaukanda, wakafinyanga, wakachoma. Kisha Siti akajitwika vyungu kichwani na kutembea kutoka kijiji hata kijiji akiviuza. Mfanyabiashara wa namna hiyo hana budi kuita wanunuzi, naye aliita kwa kuimba. Hapo ndipo watu walipoanza kutambua kwamba muuza vyungu huyu ana sauti isiyokuwa ya kawaida. Inasimuliwa kwamba waliokuwa ndani waliijua sauti yake kabla hajafika mlangoni. Basi kipawa chake kilikua barabarani, mzigo u juu ya kichwa.

Mnamo mwaka wa 1911 Siti aliondoka shamba akahamia mjini Unguja. Ilikuwa hatua kubwa kwa mwanamke asiye na mali, asiye na elimu, na asiye na jamaa wenye jina. Mjini alikutana na mtu aitwaye Ali Muhsin, mpiga muziki, ambaye alikuwa mtu wa kwanza kumfundisha uimbaji kwa utaratibu.

Yafaa nieleze kidogo hali ya muziki wa Unguja wakati ule. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka wa 1870 hata 1888, alipenda muziki wa Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim huko akajifunze. Muziki huo ukawa wa jumba la mfalme, nao ndio asili ya taarabu. Mwaka wa 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kiliendeleza taarabu mjini. Lakini nyimbo zilikuwa za Kiarabu, na waimbaji walikuwa wanaume. Mtu wa kawaida wa Ng'ambo au wa shamba, hata kama sauti ingemfikia kupitia dirishani, asingefahamu maana yake. Na mwanamke wa kuimba taarabu mbele ya watu alikuwa hajaonekana.

Siti aliyapindua mambo hayo yote mawili. Alijiunga na mafundi wa muziki, miongoni mwao Subeit bin Ambar, Mwalimu Shaaban, Buda bin Swedi na Mbaruk Talsam, wakawa kundi moja. Udi, fidla na matari vilikuwa vyombo vyao. Kwa kuwa alikuwa hajui kusoma, kila neno alilifunza kwa sikio na kulihifadhi moyoni. Nyimbo za Kiarabu aliziweza, lakini jambo kubwa alilolifanya ni kuimba taarabu kwa Kiswahili, lugha ya muuza vyungu na ya mchukuzi wa bandarini. Watu walijaa usiku kumsikiliza. Aliitwa harusini, aliitwa majumbani mwa matajiri, akaitwa hata kwenye jumba la mfalme. Yule aliyezaliwa akiitwa Mtumwa aliimba, na mabwana wakanyamaza kumsikiliza.

Msidhani kwamba njia yake ilikuwa laini. Panapo sifa, husuda haikosi. Siti hakuwa mzuri wa uso kwa kipimo cha watu wa mji ule, na wapinzani wake walitunga nyimbo za kumcheka, wakiuliza ana nini mwanamke huyu hata atukuzwe, kama hana uzuri, hana nasaba, wala hana mali. Mtu mwingine angalijificha ndani au angalijibu kwa matusi. Siti alijibu kwa wimbo. Alieleza kwamba sura njema si hoja, na kwamba akili ndiyo ipasayo kutazamwa kwa mtu. Wimbo wake ulipendwa kuliko ule wa kumcheka, na mpaka leo anayekumbukwa ni yeye.

Sasa nafika katika jambo lililomfanya ajulikane mbali na kisiwa chake, hata sauti yake ikafika katika sanduku la babu yangu. Mwaka wa 1928 kampuni kubwa ya santuri ya Uingereza, ile yenye alama ya mbwa anayesikiliza gramofoni, ilimchukua Siti pamoja na wenzake mpaka Bombay, katika Bara Hindi, wakaimbe na kunaswa sauti zao. Walivuka Bahari ya Hindi kwa meli. Hakuna kundi la muziki la Afrika Mashariki lililopata kutoa santuri za biashara kabla yao.

Vijana wa leo wanaoimba mbele ya simu na kufuta wasipopendezwa, na wajue jinsi kazi hiyo ilivyokuwa. Zamani za mwanzo mwimbaji aliimba ndani ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yake mwenyewe ndiyo iliyosukuma sindano ya kuchora. Tangu mwaka wa 1925 makampuni makubwa yalianza kutumia maikrofoni na umeme. Sauti ilichorwa katika sahani nene ya nta. Kutokana na nta hiyo kilitengenezwa kigezo cha chuma, na kwa kigezo hicho wakapiga chapa santuri nyingi za shelaki. Shelaki ni utomvu mgumu utokanao na wadudu wadogo waishio katika miti ya Bara Hindi. Hung'aa na kusikika vizuri, lakini ukiangusha santuri yake huvunjika kama sahani ya udongo, na jambo hilo mimi nalijua kwa kutenda.

Santuri za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani ya kawaida ulichukua dakika tatu hivi tu. Taarabu ya Unguja ilikuwa haina haraka. Wimbo mmoja uliweza kukokotwa kwa muda mrefu, wasikilizaji wakituza na kuomba urudiwe. Katika chumba cha kunasia sauti hapakuwa na watu wa kutuza, na dakika tatu zilikuwa dakika tatu. Iliwapasa waimbaji wapunguze, wapange beti, wajue mahali pa kuanza na mahali pa kukoma. Na kama mmoja angekohoa au kukosea, nta ile ilikuwa imekwisha haribika, wakaanza upya na nta nyingine. Siti, asiyeweza kusoma karatasi hata moja, alizibeba nyimbo zake zote kichwani kama alivyobeba vyungu, akavuka bahari nazo, na hakuziangusha.

Santuri hizo zilipofika Afrika Mashariki zilinunuliwa kwa wingi. Yasemekana kwamba kufika mwaka wa 1931 zilikuwa zimeuzwa santuri kama 72,000. Hesabu hiyo ni kubwa sana tukikumbuka ni watu wangapi waliokuwa na gramofoni siku hizo. Lakini gramofoni moja haikuwa ya mtu mmoja. Mwenye nayo aliiweka barazani au mkahawani, na mtaa mzima ukaja kusikiliza. Biashara ilivyostawi, mitambo ya kunasia sauti ikaletwa Unguja yenyewe, badala ya waimbaji kwenda Bombay. Santuri zikasafiri mpaka Dar es Salaam na Mombasa, zikapanda gari la moshi kuja bara, zikafika Tabora, mji wa asili ya baba yake. Hivyo sauti ya binti ilirudi katika nchi ambayo wazee wake waliondolewa.

Yafaa pia tujue aliimba nini. Alikuwa na nyimbo za mapenzi, kama waimbaji wote. Lakini aliimba vilevile mambo yaliyotokea mjini, mazuri na mabaya. Wimbo wake mmoja mashuhuri uitwao Kijiti ulihusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja, na muuaji akatoroka. Mahakama haikumpata mwenye hatia, na adhabu ikawaangukia wanawake waliofuatana na marehemu. Wale ambao hawakuwa na wakili wala mwandishi wa kuandika malalamiko yao walimpata Siti. Santuri ikawa gazeti la wasiojua kusoma, na yeye aliyewasomea alikuwa mmoja wao.

Siti aliimba mpaka uzeeni. Muda mfupi kabla ya kufa kwake alionana na Shaaban Robert, mshairi wetu mkubwa, naye alimsikiliza akisimulia maisha yake, kisha akaandika kitabu kiitwacho Wasifu wa Siti binti Saad, ambacho wanafunzi wengi wa Kiswahili wamekisoma. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Mungu amrehemu. Bi Kidude, mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka wa 2013, alijifunza nyimbo nyingi kwa kumsikiliza yeye. Na chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania kilipoanzisha gazeti lake miaka ya 1980, kililiita Sauti ya Siti.

Haya ndiyo maisha yake kwa ufupi. Sasa namrudia mzee wangu wa siku ya wazazi, na kama asomavyo gazeti hili, namwomba anistahimili.

Kwanza, nakubaliana naye katika jambo moja. Masomo yatangulie. Siti mwenyewe hakupata shule, na kwa hiyo wengine walimwandikia, wengine wakamsomea, na wengine wakamhesabia fedha zake. Sipendi binti yeyote wa shule hii awe na sauti nzuri akakosa kalamu. Chama cha muziki hukutana Ijumaa jioni baada ya vipindi, na mwanafunzi ambaye alama zake zimeshuka husimamishwa mpaka apande tena. Binti yako, mzee wangu, hajapata kusimamishwa.

Pili, juu ya kutajwa kwa ubaya. Siti naye alitajwa. Waliomtaja tumewasahau, hata majina yao hatuna. Heshima ya mtu haipotei kwa sababu ameimba. Hupotea kwa yale anayoyatenda na anayoyasema. Siti aliimba kwa akili na kwa ukweli, na jina la utumwa likamtoka mwilini, likaingia la heshima.

Tatu, na hili ndilo nililoshindwa kulisema siku ile. Binti yako katika chama chetu hakuwa akijifunza kucheza na kupiga kelele. Alikuwa na daftari. Ndani yake alianza kuandika nyimbo za Kipimbwe alizofundishwa na bibi yake: za kupalilia, za kubembeleza mtoto, na za msiba. Alikuwa amefika wimbo wa kumi na moja. Hiyo ndiyo kazi ya chama chetu, kukusanya nyimbo za wazee wa Katavi, za Wapimbwe, za Wabende na za Wakonongo, kuziandika na kuzinasa kwa simu ya shule, ili zisipotee.

Nasema hivyo kwa uchungu wangu mwenyewe. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mkonongo wa Inyonga. Alijua nyimbo za njiani ambazo wachukuzi waliimba zamani, na aliziimba akitwanga. Nilikuwa mwanafunzi, nikajiona nimesoma, nikadhani ni mambo ya kizee. Alipofariki nilikuwa mbali masomoni. Leo nakumbuka mwanzo wa wimbo mmoja tu, tena bila maneno yake yote, na katika ukoo wetu hakuna aliyebaki wa kumwuliza. Santuri ya Siti niliivunja, lakini nyingine ya namna ile yaweza kuonekana mahali, kwa kuwa zilipigwa chapa nyingi. Ya bibi yangu haikupigwa hata moja.

Siti alilazimika kuvuka bahari ili sauti yake inaswe. Sisi leo chombo cha kunasia tunacho mfukoni, na wazee wetu wako Karema, Sitalike, Inyonga, na mtaa wa pili kutoka hapa shuleni. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wote, mkienda likizo muhula huu ukifungwa, kila mmoja aketi na mzee mmoja, amwombe ruhusa, amsikilize mpaka mwisho, aandike jina la wimbo, jina la mwimbaji, mahali na siku. Mkirudi leteni mlichopata. Kabati moja la maktaba limetengwa kwa kazi hiyo.

Na wewe, mzee wangu, uamuzi wa binti yako ni wako na mama yake. Mimi siwezi kuwapita. Daftari lake nimelihifadhi katika meza yangu. Akija kulichukua ili aendelee, nitafurahi. Na kama hataendelea, nakusihi umpe ruhusa alichukue likizoni, akae na bibi yake, amalizie zilizobaki, maana bibi hazungojei mihula.